Ngozi ya Mama Hedhi Ikikoma

Akina mama wengi hapa Baba Dogo wanalalamika kwamba wakishapita miaka 50 hivi ngozi inakauka, inawasha, na mikunjo inaongezeka haraka. Wengine husema wamerogwa. Jamani, si uchawi wala si ugonjwa.

Hedhi inapokoma, mwili hupunguza sana homoni iitwayo estrojeni. Homoni hii husaidia ngozi kutengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazoifanya iwe imara. Katika miaka 5 ya kwanza baada ya hedhi kukoma, karibu asilimia 30 ya kolajeni hupotea. Ongeza hapo jua la kuuza mboga kutwa nzima kando ya barabara.

Sasa taabu inaanzia kibandani. Mama anauziwa krimu ya kung'arisha uso, anaambiwa ina homoni ya kurudisha ujana. Homoni gani? Mara nyingi ni steroidi, na si ile iliyopungua. Steroidi ikipakwa muda mrefu hukondesha ngozi, na ya mama huyu imekonda tayari! Nyingine zina zebaki, ambayo huharibu figo. KEBS, shirika la ubora wa bidhaa, lilipiga marufuku krimu na sabuni za namna hiyo mwaka 1998, lakini bado zinauzwa kichinichini.

Je, dawa za homoni za hospitali? Zipo, vidonge na hata vya kubandika. Kazi yake hasa ni kutuliza joto la ghafla na jasho la usiku. Ngozi inaweza kufaidika kidogo, ila hazitolewi kwa ajili ya mikunjo. Mwaka 2002 utafiti mkubwa huko Marekani ulionyesha kwamba waliomeza estrojeni pamoja na projestini walipata saratani ya matiti na damu kuganda kuliko wenzao. Baadaye ilionekana kwamba kwa mama wa chini ya miaka 60 anayesumbuliwa sana na joto, faida mara nyingi huzidi hatari. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hapewi. Kwa hiyo ni daktari, si kemisti wa kona.

Kwa ngozi yenyewe, oga maji ya vuguvugu, acha sabuni ya kufulia, jipake mafuta ya mgando mwili ukiwa bado na unyevu, na uvae kofia pana sokoni. Na ukitokwa damu tena baada ya mwaka mzima bila hedhi, usingoje, nenda hospitali upimwe, kwani inaweza kuwa saratani ya kizazi.