Micombero naye alifia ukimbizini

Michel Micombero, aliyeitawala Burundi kwa mkono wa chuma tangu Novemba 1966, alifariki Mogadishu, Somalia, Julai 1983, kabla hajatimiza miaka 43. Alikuwa huko kwa sababu Jean-Baptiste Bagaza, askari mwenzake na mzaliwa wa Rutovu kama yeye, alimpindua mwaka 1976. Mtu aliyewafukuza Warundi kwao hadi wakajaa katika mapori yetu ya Tanzania naye akafia ugenini.

Jambo hilo limekuwa likinisumbua. Habari ya kifo chake ilibadili nini katika makazi ya wakimbizi ya Katumba na Mishamo? Wasomaji wa Katavi mnaijua historia: uasi wa Aprili 1972, kisha jeshi la Micombero likawageukia Wahutu, hasa waliosoma, wakiwamo walimu, wanafunzi na makarani. Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Katumba ikafunguliwa mwaka 1973, Mishamo ikafuata 1978, zote zikiwa katika wilaya ya Mpanda ya wakati huo.

Aliyenisogeza karibu na jibu ni Liisa Malkki, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ufini. Aliingia Mishamo mwaka 1985, Micombero akiwa kaburini miaka miwili. Alikuta vijiji 16 vilivyopangwa kando ya barabara, mashamba ya mihogo na maharage mahali palipokuwa pori, na watu wasioruhusiwa kutoka nje ya makazi bila kibali cha ofisi. Kilichomshika ni masimulizi. Uliza huyu, kisha nenda ukamuulize mwingine kijiji cha mbali: habari inakuja kwa mpangilio uleule. Nani alitangulia kuishi Burundi, nani alikuja baadaye, utawala ulitwaliwa kwa hila gani, wasomi walikamatwaje na kuuawaje. Hata namna ya kumtambua mtu wa kabila jingine kwa kumtazama mwili ilikuwa sehemu ya somo. Malkki hakujipa kazi ya kupima kila neno kama ni kweli au si kweli. Alitaka kujua masimulizi hayo yanawafanyia nini wanaoyasimulia. Akaona yanawafanya taifa: ukimbizi ulikuwa shule ya kuwaandaa kurudi, na aliyezama katika biashara na utajiri alitazamwa kwa wasiwasi asije akasahau.

Kisha akaenda Kigoma mjini. Huko Warundi haohao wa 1972 walikuwa wamejichanganya na wenyeji, wameoa na kuolewa, na wengi hawakutaka hata kuitwa wakimbizi. Msiba ni uleule, tofauti ilikuwa mahali pa kuishi. Ukimweka mtu porini, ukamnyima kutoka bila karatasi, atashika nini zaidi ya hadithi yake?

Ni rahisi kuwalaumu wazee wa Mishamo kwa kukariri uchungu. Lakini ndugu zao walifukiwa mashimoni na hakuna aliyefikishwa mahakamani. Ni mwaka 2020 tu, karibu nusu karne baadaye, tume ya ukweli na maridhiano ya Burundi ilipofukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 mkoani Karusi, karibu na mto Ruvubu. Rozari na miwani vilisaidia kuwatambua baadhi yao. Mwaka huohuo alifariki Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi, ambaye baba yake, mbunge, aliuawa 1972. Yatima huyo alipong'ang'ania muhula wa tatu mwaka 2015, Warundi wakakimbilia Kigoma tena.

Kwetu, hatima iliamuliwa kwa makaratasi. Mwaka 2007 wakimbizi wa 1972 walitakiwa kuchagua: kurudi au kuomba uraia. Zaidi ya 160,000 waliomba na kukubaliwa mwaka 2010, lakini vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014, kwa kuwa Serikali ilitaka kwanza wahame makazi na kutawanywa mikoa mingine. Sharti hilo baadaye likaachwa. Miaka yote hiyo walikuwa raia wa nchi gani?

Na wajukuu waliozaliwa Mishamo wamerithi masimulizi yapi, ya Mishamo au ya Kigoma?

Aliyevuka mpaka akiwa na miaka 20 sasa amepita 70. Walimu wa historia wa Katavi, wapeni wanafunzi daftari waende kuwasikiliza wazee hawa mapema.