Pesa ya Kahawa: Akaunti Yako, Yake au Yenu?

Msimu wa kahawa ukifika, Karagwe na Kyerwa hunoga. Kuanzia Kayanga na Omurushaka, Nkwenda mpaka Murongo kule mpakani na Uganda, mabati mapya yanapanda, pikipiki zinanunuliwa, harusi zinapangwa. Ikifika Februari, mfukoni kweupe! Ada ya shule inadaiwa, na hapo ndipo baba anapotoka kimyakimya kwenda kuuza kahawa ikiwa bado iko mtini. Butura hiyo. Mama anakuja kuambiwa siku ya kuvuna kwamba kahawa si yao tena. Ugomvi wake, mpenzi msomaji, naomba nisiuelezee.

Kabla hamjafika huko, kaeni chini wewe na mwenzio muongee habari ya benki. Na msiishie kuulizana benki gani, ulizaneni akaunti ipi, maana akaunti hazifanani hata kidogo.

Ya akiba ndiyo tuliyonayo wengi. Unaweka, unatoa unapotaka, riba yake kiduchu. Tatizo ni huko kutoa unapotaka: kadi iko mfukoni, baa iko jirani, hiyo akiba itafika Februari kweli? Akaunti ya hundi tuwaachie wafanyabiashara, wale wanaojaza fuso la ndizi au maharage kila wiki. Kwa kawaida haina riba, na makato ya kila mwezi yanakusubiri.

Kwa ada ya watoto mimi naipigia debe akaunti ya muda maalum. Mnaifungia pesa miezi mitatu, sita au mwaka, kwa riba mliyokubaliana na benki mapema. Tuseme mmeweka milioni 2 kwa miezi sita, riba asilimia 8 kwa mwaka. Mtapata 80,000, serikali itachukua kodi ya asilimia 10 ya hiyo riba, mtabaki na 72,000. Si utajiri, lakini sare za shule hizo. Mkiivunja kabla ya siku yake, riba yote au sehemu kubwa inaota mbawa. Wengine wanaona hiyo ni kasoro. Mimi naona ndiyo raha yake: shemeji akija na shida zake zisizoisha, jibu mnalo. Ila msifungie zote, mtoto akiugua Desemba mtarudi kwenye butura.

Halafu kuna usalama. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano kwa upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Kagera Farmers' Cooperative Bank, ya mkoa huo huo. Wakati ule bima ya amana iliishia shilingi 1,500,000 kwa mteja. Mwenye zaidi ya hapo alibaki kusubiri mali za benki ziuzwe. Siku hizi kinga imepanda hadi 7,500,000, lakini akaunti zako zote kwenye benki moja zinajumlishwa. Mwenye nyingi agawe benki mbili.

Sasa lile linaloumiza: jina la nani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, inasema mali iliyo kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, huchukuliwa kuwa mna haki sawa. Mama uliyepalilia shamba mwaka mzima, hapo umeelewa?

Lakini akaunti ya pamoja nayo ina ujanja wake. Kabla ya kujaza fomu muulizeni karani anasaini nani. "Yeyote kati yetu" maana yake mmoja anaweza kukomba zote peke yake. "Wote wawili" maana yake mtapanda bodaboda pamoja mpaka benki kila mnapotaka hela. Usumbufu? Sana. Kwa pesa ya ada chagueni huo usumbufu, ya chumvi na sabuni asaini yeyote.