Mapenzi ya Mchezo na Riziki ya Maisha

Watoto wengi huupenda mchezo kwa dhati, lakini ni wachache wanaojaaliwa kuyageuza mapenzi hayo yakawa kazi ya kudumu; na miongoni mwao, Filbert Bayi, aliyezaliwa mwaka 1953 huko Karatu, Tanzania, astahili kutajwa kwa taadhima. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, katika mbio za mita 1500, alishika uongozi tangu mwanzo, akawaacha wenzake nyuma, na ijapokuwa mpinzani wake John Walker alimfukuzia kwa nguvu zote mwishoni, Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Mwaka uliofuata aliivunja rekodi ya maili mjini Kingston, na mwaka 1980 akapata medali ya fedha katika Olimpiki ya Moscow, katika mbio za kuruka viunzi na maji.

Lakini nguvu za mwili zina mwisho wake. Bayi alilitanabahi hilo, akaanzisha shule, akawa pia katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki ya Tanzania. Basi kijana apendaye mchezo na ajibidiishe mazoezini pasi na kuidharau elimu, kwani ualimu, uamuzi, utabibu na uongozi wa michezo navyo ni milango ya riziki ya halali.