Mashine Isikilize Moyo, Mkunga Asiondoke

Mtoto anapozaliwa hupewa dakika moja tu ya kuanza kuvuta pumzi. Moyo wake hupaswa kupiga zaidi ya mara 100 katika dakika hiyo. Ukipungua hapo, mkunga hujua kwamba mtoto anahitaji kusaidiwa hewa bila ya kuchelewa. Nchini mwetu dakika hiyo na siku zinazoifuata zimekuwa na gharama kubwa. Uchunguzi wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Mataifa ya dunia yamekubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 idadi hiyo isizidi 12 katika nchi yoyote. Yaani tunadaiwa kuipunguza kwa nusu, na muda uliobaki ni mfupi.

Leo tunazungumzia Nakwa, na msomaji wa Unguja au Pemba ana haki ya kuuliza Nakwa ni wapi na inamhusu nini. Nakwa imo katika mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Huko hakuna bahari wala karafuu. Hata hivyo, mama anayejifungua Nakwa na mama anayejifungua Micheweni wana shida moja: bingwa wa moyo wa watoto hayuko jirani nao. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, iko Dar es Salaam. Mmoja ametengwa nayo na mamia ya kilomita za barabara, mwingine na bahari. Na duniani kote watoto wapatao 8 au 9 katika kila 1,000 huzaliwa na kasoro ya moyo. Wengine hawaonyeshi dalili siku ya kwanza. Hufungwa kanga mpya, wakarudishwa nyumbani kwa shangwe, na maradhi yakajitokeza baadaye wakati hospitali iko mbali.

Ndiyo maana habari ya mashine zinazojifunza haifai kupuuzwa. Tangu Mfaransa René Laennec alipobuni chombo cha kusikilizia kifua mwaka 1816, tabibu ametegemea sikio lake. Lakini kifua cha mtoto mchanga ni kidogo mno. Mapigo ya moyo na mvumo wa mapafu huingiliana, mtoto hulia, na wodi haina utulivu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash, mjini Melbourne, Australia, wamechukua chombo cha kusikilizia kilichounganishwa na simu ya mkononi, wakairekodi milio hiyo, kisha wakaifundisha kompyuta kutenganisha mlio wa moyo na ule wa mapafu, na kutambua kama sauti iliyorekodiwa ni safi kiasi cha kutegemewa.

Kujifunza kwa mashine hakuna uchawi ndani yake. Kompyuta huwekewa mifano mingi ambayo wataalamu wameshaitolea hukumu: huu ni mlio wa kawaida, huu una kasoro. Baada ya mifano mingi huanza kupambanua wenyewe ulio mpya. Kwa hiyo mashine ni mwanafunzi, na mwanafunzi hajui zaidi ya alichofundishwa.

Wala jambo hili halikuanzia kwa wageni peke yao. Katika Mkoa huo huo wa Manyara iko Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, ambako picha za video za watoto waliokuwa wakisaidiwa kupumua zilitumika kufundishia kompyuta. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stavanger, Norway, waliiwezesha mashine kutambua ni wakati gani mkunga alitumia mfuko wa hewa, alivuta ute, au alimsugua mtoto ili ashtuke na kupumua. Kisiwa cha Pemba nacho kimetoa mchango wake: pamoja na Bangladesh na Pakistan, kilishiriki katika utafiti uliotumia damu ya watoto wachanga na hesabu za mashine kukadiria umri wa mimba waliyozaliwa nayo, ili aliyezaliwa kabla ya wakati ajulikane mapema.

Hapa ndipo tunapotaka kusema wazi. Ikiwa mashine ni mwanafunzi, basi swali la kwanza ni: imefundishwa kwa watoto wa nani? Mwaka 2020 madaktari nchini Marekani walionyesha kwamba kipimo cha kidoleni kinachopima oksijeni katika damu kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe. Chombo hicho kilikuwa kimetumika miaka mingi na kuaminiwa. Kama chombo kinachotumia mwanga tu kiliweza kupotoka hivyo, hatuna sababu ya kupokea kwa macho yaliyofumbwa mashine ambayo haijawahi kusikia kifua cha mtoto wa Babati wala wa Pemba.

La pili, mashine hutoa habari; haimpi mtoto pumzi. Utafiti wa hospitali nane za Tanzania, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba wakunga walipofundishwa kumkausha mtoto, kumchochea na kumpa hewa kwa mfuko na barakoa, vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Mpango mwingine uliendeshwa katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ukiunganisha vipimo vya moyo na mazoezi ya mara kwa mara kazini. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2025, yalionyesha kwamba vifo vya watoto wakati wa uzazi na katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila uzazi 1,000. Kilichookoa watoto hao ni mkono uliozoezwa, ukisaidiwa na chombo. Wazee walituasa: usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa sababu hiyo tunawaelekea viongozi wa Serikali zetu mbili. Afya si jambo la Muungano. Kila upande una Wizara yake na kila Wizara itakuja kugongewa mlango na wauzaji wa mashine hizi. Tunashauri masharti matatu. Kwanza, mashine yoyote ijaribiwe kwa watoto wetu, katika wodi zetu zenye kelele na umeme unaokatika, kabla ya kununuliwa. Pili, sauti na picha za watoto wetu zihesabiwe kuwa amana: mzazi aombwe ridhaa kwa lugha anayoielewa, na kumbukumbu zisisafirishwe nje bila ya taifa kujua zinakwenda wapi na sisi tutapata nini. Tatu, pale mashine itakaposema mtoto huyu ana kasoro, iwepo njia iliyopangwa ya kumfikisha kwa bingwa. Kumwambia mama wa Nakwa au wa Micheweni kwamba moyo wa mwanawe una ila, kisha kumwacha bila ya gari wala boti, ni kumwongezea machungu.

Masharti haya hayazuii maendeleo. Mwanafunzi huyu mpya tunamkaribisha wodini, lakini aje kama msaidizi wa mkunga, afundishwe kwa watoto wetu, na apimwe kwa jambo moja tu: ni wangapi kati ya wale 24 watakaokuwa hai mwezi utakapotimia.