Taa nane zawaka, mtandao hautaki

Taa zote nane za testa ziliwaka kwa zamu, pande zote mbili, bila kuruka hata moja. Kwa ushahidi huo waya ulikuwa mzima. Lakini kompyuta ya karani, mita 40 hivi kutoka kwenye swichi, ilikuwa ikifungua ukurasa mmoja kwa muda wa kuchemsha chai.

Fundi aliyeitwa kutoka Kariakoo hakuigusa kompyuta. Hakuuliza habari za virusi wala za ruta, ingawa ofisi nzima ilikwisha kuilaani ruta. Alichomoa waya, akakiinua kichwa chake cha plastiki kwenye mwanga wa dirisha, akazisoma rangi kutoka kushoto. Akacheka.

Zilikuwa zimepangwa vizuri mno: nyeupe-chungwa na chungwa, nyeupe-kijani na kijani, nyeupe-buluu na buluu, nyeupe-kahawia na kahawia. Kila mtu na mkewe, alisema fundi, na hapo ndipo penye balaa.

Ndani ya waya wa mtandao mna nyuzi nane za shaba zilizosokotwa mbilimbili. Kusokota huko si urembo. Uzi mmoja unapobeba ishara, mwenzake hubeba ishara iyo hiyo kinyume chake. Kelele ya umeme ikiingia, huwapata wote wawili kwa pamoja, na mashine ya upande wa pili huifuta. Ukiwatenganisha, kila mmoja anabaki na kelele yake.

Sasa, katika jozi mojawapo, mashine hutarajia kumkuta mmoja kwenye pini ya 3 na mwenzake kwenye ya 6. Kwa nini wasikae jirani? Fundi alilaumu simu. Pini za katikati, ya 4 na ya 5, ziliachiwa laini ya simu, ili kichwa kidogo cha simu kiweze kuingia kwenye tundu lile lile. Jozi iliyofuata ikalazimika kukaa huku na huku, simu katikati. Ndiyo maana katika mpangilio wa T568B nyeupe-kijani hufuatwa na buluu, kisha nyeupe-buluu, ndipo kijani. Leo kuna maofisi yasiyo na simu ya mezani hata moja, lakini mpangilio uliomwachia kiti bado ndio unaofuatwa.

Aliyeubana waya wa karani alifuata jicho lake, si mpangilio. Pini ya 3 akampa nyeupe-kijani, ya 6 akampa buluu, watu wa nyumba mbili tofauti. Testa ya taa haijui undugu. Inachouliza ni kama pini ya 3 imefika kwenye ya 3. Imefika. Waya mfupi wa namna hiyo huweza hata kufanya kazi miaka bila mtu kushtuka.

Fundi alikata vichwa vyote viwili, akamenya ganda, akaacha msokoto ufike karibu kabisa na pini, akabana upya. Dakika kumi, pamoja na maneno.

Kisha akatazama juu, kwenye dari, ambako nyaya nyingine za ofisi hiyo zimepita, zimebanwa na mkono ule ule. Alimuuliza karani ni ngapi. Karani hakujua, na mwenye kulipa alikuwa hajafika.