Kuku Wako na Mimea ya Sumu Bomani

Huenda ukauliza muuguzi ana haja gani na kuku. Haja ninayo. Yai la kuku wa nyumbani ndilo analopikiwa mtoto aliyeanza kula, na jogoo akiuzwa hupatikana nauli ya kwenda kliniki. Tena mmea unaoweza kumdhuru kuku uko kimo kile kile cha mtoto anayetambaa.

Zunguka boma lako leo. Kwenye ua utakuta mnyaa, ule wa vijiti vya kijani ambao majirani zetu Waluo huuita ojuok. Utomvu wake mweupe huunguza mdomo na macho, ya kuku na ya mtu. Huenda pia kuna ule mti wa maua ya manjano kama tarumbeta, wenye majani membamba na tunda la kijani lenye pembe. Tunaupanda kwa uzuri wake, lakini sumu yake hushambulia moyo, nayo imo katika kila sehemu ya mti, hasa mbegu.

Karibu na jalala mbarika huota wenyewe. Hapa sikiliza vizuri. Sumu yake imo ndani ya mbegu, chini ya ganda gumu. Kuku hana meno, lakini firigisi yake husaga anachomeza kwa vijiwe. Hata hivyo kuku huistahimili sumu hiyo kuliko wanyama kama farasi. Ndiyo maana sikubaliani na mama anayesema, "Kuku wangu wanadonoa na hawafi, basi hazina neno." Kuku si kipimo cha mtoto. Mbegu chache zilizotafunwa zinaweza kumuua mtoto.

Sisi wa Kuria tuna tumbaku pia. Majani yake yana nikotini, kwa hiyo mabaki yasimwagwe kuku wanapochakura. Maganda mabichi ya muhogo, hasa ule mchungu, yana sianidi. Yakatekate uyaanike juani mpaka yakauke kabisa.

Kuku aliyeshiba mara nyingi hulikwepa jani chungu. Shida huanza msimu wa kupanda, tunapowafungia wasifukue mbegu shambani. Akiwa na njaa, hudonoa chochote kilicho karibu. Ukiwafungia, wape nafaka, mchicha au sukuma wiki, na maji safi. Ukipunguza ua, matawi yafukie shimoni, wala usiyafanye kuni, maana moshi wake hudhuru.

Lakini si kila kifo ni sumu. Sumu ya mmea kwa kawaida hupata kuku mmoja au wawili waliokula pamoja: wanalegea, wanaharisha, au wanakufa ghafla. Kuku wengi wakifa kwa siku chache, kinyesi ni cha kijani na shingo zinapinda, shuku kideri kabla hujamshuku jirani. Ugomvi wa namna hiyo umevunja ujirani mwingi bure. Kideri hakina dawa, ila kina chanjo: tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Muulize afisa wa mifugo.

Kuku aliyekufa bila kujulikana sababu asiliwe, wala asichinjwe haraka akiwa anakata roho. Najua inauma kutupa nyama. Mfukie chini sana, mbwa wasimfukue, kisha unawe mikono kwa sabuni.

Na mtoto akitafuna mmea wowote kati ya hii, mtoe mabaki mdomoni, mwoshe mdomo kwa maji. Utomvu ukiingia jichoni, lisafishe kwa maji mengi safi yanayotiririka. Usimtapishe, wala usingoje uone kama ataharisha. Mkimbize hospitalini, na tawi la mmea huo ulibebe kwenye mfuko, ili anayempokea ajue anatibu nini.