Dakika Arubaini za Unguja: Tuipimeje Mizinga ya 1896?

Katika vitabu tulivyosomeshwa skuli, vita vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896 vilitajwa kama kichekesho: vita vifupi kuliko vyote duniani. Mwanafunzi akiulizwa vilichukua muda gani, alijibu mara moja. Akiulizwa waliokufa walikuwa nani, hakuwa na jawabu. Uzeeni naona suali la pili ndilo lililostahiki kuulizwa, pamoja na jengine: Waingereza walikusudia nini, na je, walikuwa na haki?

Matukio yenyewe yanajulikana. Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla tarehe 25 Agosti. Siku ile ile Sayyid Khalid bin Barghash aliingia kasri na kujitangaza Sultani, jambo alilowahi kulijaribu mwaka 1893 akazuiwa. Konsoli wa Kiingereza, Basil Cave, alimtaka atoke. Alipokataa, Admirali Harry Rawson alimpa muhula hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Manuwari tano zilikuwa bandarini. Muhula ulipokwisha mizinga ikalia kwa kiasi cha dakika arubaini. Beit al-Hukm ikabomoka, jahazi ya Sultani iitwayo Glasgow ikazama, na watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa vibaya baharia mmoja. Mchana huo Sayyid Hamoud bin Muhammed akakalishwa kitini.

Wanaowatetea Waingereza wana hoja tatu, na insafu inatutaka tuzisikilize.

Ya kwanza ni mkataba. Tangu himaya ya 1890, wanasema, hakuna aliyeweza kurithi ufalme bila ya ridhaa ya Uingereza. Ni kweli, Sayyid Ali bin Said aliikubali himaya. Lakini mwaka huo huo Uingereza na Ujerumani zilikuwa zikigawana Afrika ya Mashariki baina yao, na Sultani hakuwa na nguvu za kumkataa hata mmoja wao. Mkataba wa namna hiyo unaonyesha nani alikuwa na nguvu. Hauonyeshi nani alikuwa na haki.

Ya pili ni kuwa walitoa onyo. Hili pia ni kweli, na Khalid alikuwa na fursa ya kutoka. Lakini onyo humfunga yule mwenye kuamua, na wengi waliokuwamo kasri hawakuwa na uamuzi wowote.

Ya tatu ndiyo nzito: utumwa. Wapo wasemao kuwa bila ya mizinga ile watumwa wa Unguja wasingepata uhuru. Hatuna budi kukiri kuwa Khalid hakuwa mtetezi wa watumwa, na kwamba Sayyid Hamoud alitoa amri ya kuifuta hali ya kisheria ya utumwa mwezi wa Aprili 1897. Lakini tutazame tarehe. Waingereza walikuwa wameshika hatamu tangu 1890, na kwa miaka saba utumwa ukabaki halali mbele ya macho yao, kwa kuhofia mashamba ya karafuu na mapato ya serikali. Hata amri ya 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru. Fidia alilipwa bwana, si mtumwa. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Uhuru ulikuja baada ya mizinga, lakini sioni dalili kuwa mizinga ilipigwa kwa ajili yake. Ilipigwa ili ijulikane nani anayemchagua Sultani.

Hapa ndugu zangu wengi wangependa nisimame. Siwezi. Miongoni mwa waliokuwamo kasri walikuwamo watumishi na watumwa ambao hawakuulizwa kama wanataka kufa kwa ajili ya kiti cha mtu. Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi wa Kijerumani, akapelekwa Dar es Salaam, akakamatwa na Waingereza mwaka 1916, akahamishwa nchi, na akafa Mombasa mwaka 1927. Aliishi miaka 31 baada ya asubuhi ile. Waliobaki chini ya kifusi hawakuishi hata siku moja.

Basi hukumu yangu ni hii. Tumefundishwa kuwa amali hupimwa kwa nia, na nia ya Waingereza ilikuwa utawala. Jema lililofuata halikuisafisha. Lakini dhulma ya mwenye kuvamia haimtakasi kila aliyevamiwa, na anayewalilia waliokufa 1896 bila ya kuwataja watumwa waliokufa pamoja nao analia nusu ya kilio.

Beit al-Hukm haikujengwa tena; mahala pake pakafanywa bustani. Ukipita hapo na wajukuu, usiwaambie ya dakika arubaini tu. Waambie ni nani waliokuwamo ndani.